Umeme Wako, Waya wa Wote

Kufua umeme si kazi ya serikali peke yake. Chini ya utaratibu uliofuata Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kampuni, ushirika au taasisi yenye mtambo mdogo inaweza kuliuzia Shirika la Umeme, TANESCO, umeme usiozidi megawati 10. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa umeme hautoshi, kwa nini mwenye mtambo asiunganishe waya wake kwenye nguzo iliyo karibu, mambo yakaisha?

Jibu la kwanza ni uhai wa mtu. Transfoma ya mtaani hushusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi kiwango cha matumizi ya nyumbani, yaani volti 230. Lakini ukiipelekea umeme kutoka upande wa nyumba, transfoma hiyo hiyo huupandisha. Hivyo fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kuwa laini imezimwa, anaweza kuuawa na umeme uliotoka kwenye jenereta ya uani kwa mtu. Ndiyo maana mtambo uliounganishwa na gridi hutakiwa ujikate wenyewe mara gridi inapozimika.

Jibu la pili ni ulinganifu. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo unaojiunga ni kama mpiga makasia anayeingia mashuani: lazima afuate mkupuo wa wenzake. Volti, mizunguko na fezi zisipolingana, mtambo wenyewe unaweza kuvunjika na vifaa vya wateja vikaungua.

Jibu la tatu ni haki. Mwenye mtambo wa chini ya megawati moja amesamehewa leseni, ingawa hujiandikisha. Mamlaka ya udhibiti, EWURA, iliweka mkataba wa aina moja na utaratibu wa bei unaojulikana, ili mdogo asiende peke yake kubishana na shirika kubwa. Mtambo wa maji wa Mwenga, wilayani Mufindi, wenye megawati 4, ulianza kazi mwaka 2012. Uliuzia gridi na kupeleka umeme katika vijiji vya jirani.

Kwa maoni yangu, kanuni za mafundi haziwezi kulegezwa. Panapohitaji kuangaliwa ni kwenye malipo. Mnunuzi wa gridi akiwa mmoja tu, kuchelewa kwake kulipa kunatosha kumfilisi mzalishaji mdogo, hata kama waya zake zote ziko sawa.

Nawe wa mjini, mwenye jenereta dukani au nyumbani, sheria hii inakuhusu. Usiingize umeme wako kupitia soketi. Weka swichi ya kubadilishia, ifungwe na fundi mwenye leseni, ili umeme wako na wa shirika visikutane kamwe. Gharama yake ni ndogo kuliko uhai wa fundi aliye juu ya nguzo.