Mawe ya kaburi la babu si ya msingi wa duka

NILIPOREJEA Koboko mwaka 1986 kutoka ukimbizini Zaire, nyumba yetu haikuwepo tena na nyasi zilikuwa zimenipita kimo. Kilichonijulisha kwamba nimefika nyumbani ni rundo la mawe juu ya kaburi la babu. Baadaye ulipozuka ugomvi wa mpaka wa shamba, wazee walianzia hapo kaburini kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Hivi karibuni mtoto wa ndugu yangu, anayefanya biashara kati ya Ariwara na Arua, alikuja na lori.

"Baba mdogo, mawe haya yanatosha msingi wa duka langu Arua. Yamekaa bure tu."

Nilimjibu kuwa hayajakaa bure, ni mashahidi. Nikamsimulia habari za Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya. Huko kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji takriban miaka 5,000 iliyopita, wakati mvua zilipopungua na ziwa likarudi nyuma. Wanaakiolojia walichimba kwa uangalifu, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba chini yake wamezikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, kama shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Hapakuonekana kaburi la mkubwa aliyetengwa na wengine.

Hapo ndipo wataalamu walipojifunza kwamba kazi kubwa namna ile haikuhitaji mfalme wa kuamrisha. Inaelekea watu waliokuwa wakihamahama walitaka mahali pamoja pa kukutania na kuwazika wapendwa wao. Sisi tuliowahi kukimbia tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Lakini yote hayo yalijulikana kwa sababu vitu vilikutwa mahali pake. Tazama sanamu ya Luzira, ambayo si ya jiwe bali ya udongo. Wafungwa waliifukua mwaka 1929, na kichwa chake sasa kiko British Museum, London. Kwa kuwa haikuchimbwa na wataalamu, mengi kuhusu waliyoitengeneza na kazi yake yamebaki kukisiwa.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiyabeba, babu atapotea?"

"Babu hatapotea. Ushahidi wake ndio utakaopotea, na siku moja wajukuu wako watauhitaji."

Aliondoka na lori tupu, akinung'unikia gharama ya mafuta.

Ndugu msomaji, ukilima au ukichimba msingi ukakuta mawe yaliyopangwa, vigae au mifupa, usihamishe wala usiuze. Mwarifu mwenyekiti wa LC, na habari ifike Makumbusho ya Uganda, Kampala. Jiwe likishapakiwa kwenye lori, halitasema tena lilitoka kwa nani.