Mtambo Bila Gesi Haupashi Joto

Wewe uotaye moto jikoni, je, wajua ya kuwa huko Uingereza wako wazee wanaokufa kila majira ya baridi kwa kukosa joto nyumbani? Kwa sababu hiyo, mwaka 2000 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Warm Front. Maskini walisaidiwa fedha, wala si mkopo, wawekewe mtambo wa kupasha nyumba joto. Mafundi walitandaza pia sufi darini, maana joto hutorokea juu kama moshi. Mpaka ulipofungwa mwaka 2013, nyumba zaidi ya milioni 2 zilisaidiwa.

Lakini mtambo hula gesi, na gesi hununuliwa. Asiye na fedha atauzima, ajifunike blanketi. Basi, ukimjengea mjane jiko, mpelekee na kuni.