Uwiano unaomshinda mtoto daftarini, mama anaujua jikoni

Mwanza. Umepika wali kwa kikombe kimoja cha mchele na vikombe viwili vya maji. Kabla sufuria haijachemka wageni wamebisha hodi, ukaamua kuongeza vikombe vitatu vya mchele. Utaongeza vikombe vingapi vya maji?

Mzazi aliyezoea jiko atajibu sita bila kushika kalamu. Mtoto wake wa darasa la sita, akikutana na swali hilohilo kwenye daftari, anaweza kuandika tatu. Ameona mchele umeongezeka kwa vitatu, naye akayaongeza maji vivyo hivyo. Kwa jibu lake sufuria itakuwa na vikombe vinne vya mchele na vitano tu vya maji, na wali hautaiva.

Maswali ya uwiano yakija kwa maneno, mara nyingi kinachomkwamisha mtoto si kuzidisha wala kugawanya. Hajui namba ipi aigawanye kwa ipi. Mzazi unaweza kumsaidia kwa mchoro mmoja mwepesi, hata kama hesabu za shule uliziacha zamani.

Chora utepe, kata vipande

Mchoro huu unaitwa mchoro wa utepe. Kila mhusika kwenye swali anachorewa utepe wake, nao unakatwa vipande vinavyolingana. Uwiano ndio unaosema kila mmoja ana vipande vingapi.

Singapore ndiyo iliyoufanya mchoro wa aina hii kuwa sehemu ya masomo ya hisabati ya shule za msingi, kuanzia miaka ya 1980. Kazi hiyo ilifanywa na timu ya waandaaji wa mitalaa iliyoongozwa na Kho Tek Hong, baada ya kuonekana kuwa watoto wengi wanashindwa maswali ya maneno. Leo unatumika pia katika shule za Marekani na Uingereza.

Tuchukue mfano wa hapa Mwanza. Dada na mdogo wake wamenunua dagaa Mwaloni, Kirumba, wakauza na kupata faida ya Sh60,000. Wanagawana kwa uwiano wa 3:2 kulingana na mtaji wa kila mmoja. Nani anapata ngapi?

Dada: [ ] [ ] [ ]
Mdogo: [ ] [ ]

Mwambie mtoto ahesabu vipande vyote. Viko vitano, na vyote kwa pamoja ni Sh60,000. Kipande kimoja ni Sh12,000. Dada anapata Sh36,000 na mdogo wake Sh24,000.

Hapa kuna kosa la kuangalia. Watoto wengi wakiona 3:2 hudhani mdogo anapata theluthi mbili ya faida. Mchoro unaonyesha wazi kuwa ana vipande viwili kati ya vitano.

Swali likibadilika, mchoro haubadiliki

Mwalimu anaweza kuuliza hivi: kwenye ndoo kuna sato na sangara kwa uwiano wa 2:5. Sangara wamewazidi sato kwa 12. Samaki wote ni wangapi?

Sato: [ ] [ ]
Sangara: [ ] [ ] [ ] [ ] [ ]

Mtoto aliyekariri kanuni atajumlisha 2 na 5, kisha agawanye 12 kwa 7, akwame. Anayetazama mchoro ataona kuwa 12 si samaki wote. Ni vile vipande vitatu vya sangara vilivyozidi. Kwa hiyo kipande kimoja ni samaki wanne. Sato ni 8, sangara 20, na jumla yao ni 28.

Swali la kumuuliza mtoto ni moja tu: hii namba tuliyopewa inakaa juu ya vipande vipi? Inaweza kuwa ya vipande vyote, ya vilivyozidi, au ya mhusika mmoja peke yake. Akishajibu hilo, kilichobaki ni kugawanya na kuzidisha.

Uwiano unapogusa afya

Kuna uwiano mmoja ambao kila nyumba yenye mtoto mdogo inapaswa kuupata sawasawa, hasa huku Kanda ya Ziwa ambako milipuko ya kipindupindu imewahi kutusumbua. Ni ule wa ORS.

Pakiti nyingi za ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, ila soma maelezo kwanza kwani zipo za ujazo tofauti. Tuseme yako ni ya lita moja, na chupa uliyonayo ni ya lita moja na nusu. Igawe kwa vipande vya nusu lita.

Chupa: [ ] [ ] [ ]
Pakiti inatosha: [ ] [ ]

Ukiijaza chupa yote, dawa ya vipande viwili umeisambaza kwenye vitatu. Mchanganyiko unakuwa hafifu na mtoto harudishiwi chumvi anayoipoteza. Ukiimimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita, unakuwa mkali mara mbili, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto aliyepungukiwa maji mwilini.

Njia rahisi ni kujaza chupa ya nusu lita mara mbili, kumimina maji hayo kwenye chombo kisafi, kisha kuweka pakiti yote. Usiigawe pakiti kwa kukadiria kwa macho. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Pakiti ikikosekana kabisa, mchanganyiko wa nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Tukichukua nusu kijiko kuwa kipande kimoja, sukari ina vipande 12 na chumvi kimoja. Anayeweka kijiko kizima cha chumvi ameizidisha mara mbili.

ORS hurudisha maji na chumvi mwilini, lakini haizuii kuharisha. Mtoto akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu au akiharisha damu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Hata asiye na dalili hizo, muulize mtoa huduma kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa pamoja na ORS.

Mzazi afanye nini

Usimpe mtoto jibu, mpe kalamu. Mwache asome swali, achore utepe wa kila mhusika, kisha akuonyeshe namba aliyopewa inakaa wapi. Vipande visipolingana, mwambie achore upya, kwa sababu hapo ndipo majibu mengi yanapoharibika.

Akizoea, mtungie maswali ya nyumbani: mchele na maji, sukari na unga wa maandazi, au mgawo wa hela ya matumizi kati yake na wadogo zake. Hilo la mwisho atalikokotoa kwa makini zaidi.