KENGELE YA WEZI: TAFUTA KWANZA WA KUISIKIA

Ndugu mkulima, ng'ombe wako wa gredi ni karo ya watoto, ni maziwa ya kila siku, tena ni samadi ya shamba. Akitolewa zizini usiku wa manane, mara nyingi hafichwi mahali akangojewa. Huchinjwa porini au hupakiwa garini, na jua likichomoza nyama yake imekwisha kuuzwa. Kwa hiyo dakika za kwanza ndizo zenye faida. Kengele ya wezi hununuliwa kwa ajili ya dakika hizo.

Lakini wengi hukosea tangu mwanzo. Mtu huenda dukani, huuliza ile yenye taa nyingi, huifunga ukutani, kisha hulala usingizi mzito kuliko zamani. Kengele haimshiki mwizi. Huita watu tu. Kama hakuna wa kuitika, umenunua kelele.

Tazama nchi ya Kangari, huko juu Kigumo, Murang'a, penye mashamba ya chai. Migongo ni mirefu, mabonde ni ya kina, na nyumba zimetawanyika, kila moja katika shamba lake. Kuanzia mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa wilaya hiyo, ambayo siku zile iliitwa Fort Hall, walikusanywa vijijini kwa amri ya serikali. Vijiji vile vilikuwa vya taabu wala hakuna atakaye kuvirudia. Lakini nyumba zilibanana, na yowe moja lilisikiwa na wote. Watu waliporudi mashambani mwao, masikio ya jirani yalikwenda mbali. Ndivyo ilivyo pia ng'ambo ya milima ya Aberdare, kule Kinangop, ambako mashamba ya settlement yalianza kugawanywa miaka ya 1960. Huko, na ninyi mlio katika settlement nyingine mwajua, kutoka mlango hadi mlango ni safari.

Wakikuyu walikuwa na kengele yao kabla ya umeme. Yowe la hatari waliliita mbu (si yule mdudu wa malaria), na kila aliyelisikia alikuwa na wajibu wa kutoka. Nguvu ya yowe lile ilikuwa katika wajibu huo, si katika koo la mpigaji.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, nenda kwa majirani zako watatu au wanne. Pataneni: kengele ikilia kwa nani, nani atoke, nani apige simu, nani abaki na watoto, na tukutane wapi ili tusipigane sisi kwa sisi gizani. Utaratibu wa Nyumba Kumi uliotangazwa nchini Kenya mwaka wa 2013 wafaa sana kwa jambo hili, maana mzee wa kijiji na naibu wa chifu huwa wamekwisha kujua. Mkipatana, kununua ni kazi ndogo.

Sasa habari ya sauti. King'ora kidogo cha dukani huandikwa desibeli 110. Kipimo hicho huchukuliwa mita 1 tu kutoka penye king'ora. Kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kwa hiyo ukifika mita 100 zimebaki kama 70, ambayo ni kama mtu anayesema kwa nguvu kando yako. Ongeza hapo ukuta, dirisha lililofungwa, mvua ya Aprili inayopiga mabati, na jirani aliyejifunika blanketi mbili. Je, atasikia? Usikisie. Mwombe akae ndani usiku wa mvua, nawe uilize. Asiposikia, usikimbilie kununua kubwa zaidi. Kwanza kihamishe king'ora. Kiweke nje, juu chini ya upenu, mahali pasipofikiwa kwa mkono, kikitazama nyumba ya jirani na si bonde tupu. Waya wake upite ndani ya ukuta au ndani ya bomba.

Kwa mlango wa nyumba, ghala na banda la ng'ombe, chombo bora ni swichi ya sumaku. Ina vipande viwili: kimoja hufungwa kwenye fremu, kingine chenye sumaku kwenye mlango. Mlango ukifungwa vipande hukaribiana. Ukifunguliwa huachana na kengele hulia. Kazi hii si ngeni: mwaka wa 1853 Augustus Pope wa Somerville, karibu na Boston huko Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi kwa kengele ya umeme ya milango na madirisha. Dukani uliza jambo moja: waya ukikatwa, kengele yalia au yanyamaza? Chukua ile inayolia. Hiyo umeme wake hupita wakati wote mlango umefungwa, na mwizi akikata waya amejipigia kengele mwenyewe. Tena, milango yetu ya mbao hufura wakati wa mvua na kulegea wakati wa jua, kwa hiyo acha nafasi ndogo kati ya vipande, sentimita 1 au pungufu, na uiangalie majira yakibadilika.

Kuna na kile kijicho kinachotambua joto la mwili linapotembea. Ni kizuri sebuleni au stoo. Bandani usikiweke, maana ng'ombe naye ana joto, na akigeuka tu kitaita mtaa mzima. Kifungwe kwenye kimo cha mita 2 hivi, mbali na jiko na mwanga wa jua, na kielekezwe ili mtu akatize mbele yake. Anayekijia moja kwa moja hukitambulikia kwa shida zaidi.

Asiye na fedha nyingi aweza kujitengenezea. Twaa kibanio cha nguo, zungushia waya uliomenywa kwenye kila taya, kisha ubanishe kipande cha plastiki katikati. Plastiki ifunge kwa uzi wa kuvulia samaki, na uzi huo upite njia ya banda kwa kimo cha goti. Atakayeuvuta atachomoa plastiki, taya zitagusana, na kengele ya betri italia mpaka uje uizime. Ubaya wake ni kwamba ukikatwa waya mapema hunyamaza, kwa hiyo waya ufiche. Utege watu wote wakiwa wamekwisha kuingia ndani.

Onyo, nalo si la mzaha: usiunganishe kamwe umeme wa nyumba na seng'enge au mlango ili umpige mwizi. Atakayekufa ni mtoto wako au ng'ombe wako.

Umeme hukatika mara nyingi wakati wa mvua, na mwizi aweza kuukata. Kwa hiyo kengele iwe na betri yake. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7, ikiwa kengele tulivu yala sehemu 1 ya 10 ya ampea, kwa hesabu yatosha saa 70. Wewe itegemee nusu ya hapo. Kibao kidogo cha jua kitaijaza, ingawa siku za ukungu wa Kangari hujaza polepole. Betri hizi huchakaa baada ya miaka michache hata kama hazikulia.

Zipo kengele zenye laini ya simu, ambazo hukupigia popote ulipo. Hizi ni nzuri, lakini ukiwa Nairobi huwezi kumrudisha ng'ombe. Namba ya kwanza iwe ya jirani wa karibu, ya pili ya mzee wa kijiji, kisha yako. Polisi wapigieni wenyewe, 999 au 112. Laini iwekewe pesa na itumike, maana isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Mbwa usimfukuze kwa sababu umenunua mtambo. Mchanje kila mwaka kwa kichaa cha mbwa. Bata bukini naye hupiga kelele kwa mgeni yeyote, na hana betri.

Mwizi akikamatwa, mfungeni na kumkabidhi kwa polisi. Kumpiga mpaka afe ni kosa la kuua, na ninyi mliotoka kwa nia njema ndio mtakaoshtakiwa.

Kengele ikilia bure mara tatu, mara ya nne jirani atageuka upande wa pili alale. Ikikulilia bure, nenda kwake asubuhi ile ile umweleze sababu, kisha irekebishe kabla ya usiku. Nayo ijaribiwe mara moja kila mwezi, mchana, baada ya kuwapa majirani habari. Fungua kila mlango uliotiwa swichi, kimoja kimoja, halafu chomoa umeme na ufungue tena.