Stika imeondoka, kodi ingalipo

Katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, tuliona gari dogo la mizigo lililowekwa juu ya mawe kando ya uwanja wa kupuria mtama. Magurudumu yake hayapo, na kuku hutagia chini ya kiti cha dereva. Lakini kwenye kioo cha mbele bado imebandikwa stika ya leseni ya barabara, iliyofifia kwa jua hata mwaka wake hausomeki. Mwenye gari, mzee mkulima wa alizeti, alipotuona tunaitazama alicheka, akasema: "Hiyo, wanangu, ndiyo iliyoninyima usingizi. Gari lilikufa, deni halikufa."

Maneno ya mzee huyo yanatukumbusha utaratibu ambao wenye magari wengi wa nchi yetu waliuchukia. Kila mwaka mwenye gari alitakiwa kulipa ada ya leseni kwa kadiri ya ukubwa wa injini yake. Akishalipa alipewa stika, akaibandika kwenye kioo ili askari wa usalama barabarani na maofisa wa mapato waione. Gari lisilokuwa na stika lilisimamishwa. Aidha, ada ilihesabiwa kwa kuwa gari limo katika daftari la usajili, wala si kwa kuwa linatembea. Hivyo gari bovu lililolala uani kwa miaka mitano lilidaiwa ada ya miaka mitano, pamoja na adhabu za kuchelewa. Yako magari yaliyofikia hali ya kudaiwa fedha nyingi kuliko ambazo mnunuzi yeyote angekubali kuzitoa.

Mambo hayo yalibadilika mwaka 2017. Tarehe 8 Juni mwaka huo, akisoma bajeti Bungeni mjini Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Philip Mpango, alitangaza kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari. Tangu hapo ada ililipwa mara moja tu, gari linapoandikishwa. Badala ya ada ya kila mwaka, ushuru wa bidhaa uliongezwa kwa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Ushuru wa petroli ulitoka shilingi 339 ukafika 379, wa dizeli ulitoka 215 ukafika 255, na wa mafuta ya taa ulitoka 425 ukafika 465. Bajeti hiyohiyo ilitangaza msamaha kwa madeni ya nyuma, na ndipo mzee wetu wa Unyambwa alipopata usingizi.

Hatuna budi kukiri kwamba mabadiliko hayo yalikuwa na hekima. Kwanza, yaliondoa usumbufu wa foleni, na yakapunguza nafasi ya mabishano kati ya dereva na askari pembeni mwa barabara, mabishano ambayo kila msafiri anajua jinsi yalivyokuwa yakimalizika. Pili, yalileta haki fulani: atumiaye barabara sana huchoma mafuta mengi, naye hulipa zaidi, ambaye gari lake liko juu ya mawe halipi kitu. Tatu, kodi inayokusanywa kwa waagizaji wachache wa mafuta ni rahisi kuilinda kuliko inayofuatwa kwa mwenye gari mmoja mmoja nchi nzima.

Wala si sisi peke yetu tulioachana na kibandiko cha kioo. Uingereza, iliyoanza kutumia cheti cha karatasi mwaka 1921, ilikiondoa tarehe 1 Oktoba 2014. Lakini wenzetu hao hawakuifuta kodi yenyewe. Kila gari bado hulipiwa, na uthibitisho ni namba ya gari inayosomwa na kamera na kulinganishwa na kumbukumbu za kompyuta. Sisi tulikwenda mbali zaidi. Tuliondoa kibandiko, tukaondoa na haja ya mtu kuthibitisha chochote, kwa maana kila anayenunua mafuta amekwisha kulipa kabla hajaondoka kituoni.

Hapo ndipo tunapotaka kuwaomba wahusika wasimame kidogo na kutafakari. Stika ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilikuwa na sifa moja: ilionyesha wazi nani analipa kodi ya barabara. Ilikuwa ya mwenye gari, na gari hutembea barabarani. Lita ya mafuta haina alama hiyo. Mafuta hayajui kama yamemiminwa katika basi liendalo Mwanza, au katika mashine ya kusaga ya kijiji kisicho na umeme, au katika boti ya mvuvi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa mwenye gari dogo aliyekuwa akilipa ada ya shilingi 150,000 kwa mwaka. Kwa shilingi 40 kila lita, itambidi achome lita 3,750 ndipo arudi kwenye kiasi alichokuwa akitoa zamani. Mtu anayekwenda ofisini na kurudi nyumbani hafiki huko; kwake mabadiliko yalikuwa nafuu kubwa. Sasa tumtazame mvuvi wa Kilindoni, Mafia, au wa Nansio, Ukerewe. Tuseme mashine ya boti yake hunywa lita 20 za petroli kwa usiku mmoja, naye huingia majini siku 200 kwa mwaka. Kwa shilingi 40 hizo peke yake amelipa shilingi 160,000. Yaani mvuvi huyo, ambaye chombo chake hakijakanyaga lami hata siku moja, huchangia badala ya leseni ya magari fedha nyingi kuliko alizokuwa akitoa mwenye gari dogo la mjini.

Wasomaji wetu wa visiwani wanalifahamu jambo hili bila ya kuhitaji hesabu zetu. Kisiwani mafuta hufika kwa chombo, na gharama ya kuyavusha huongezwa juu ya bei; kila shilingi ya ushuru humkuta mnunuzi akiwa tayari amebanwa. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao vyombo vyao vina usajili wake na namba zinazoanza na herufi Z, nao wana sababu ya kuufuatilia mjadala huu, maana boti zao hazina tofauti na za Mafia.

Mkulima wa Unyambwa yuko mbali na bahari, lakini mashaka yake yanafanana na ya mvuvi. Trekta linalolima shamba la alizeti hunywa dizeli iliyotozwa ushuru uleule. Familia iliyokuwa ikiwasha kibatari mwaka 2017 ililipa shilingi 40 katika kila lita ya mafuta ya taa. Tunaijua sababu ya kuyajumuisha mafuta ya taa: yakiwa na bei ya chini mno, wako wafanyabiashara wasio waaminifu wanaoyachanganya na dizeli na kuharibu injini za watu. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mwenye kibatari hakuwa na gari, wala hakuwahi kudaiwa stika.

Iko hoja nyingine, nayo ni ya matumizi. Ushuru wa bidhaa huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na huko hugawanywa kwa shughuli zote za nchi. Hauna budi kutofautishwa na tozo ya mafuta iendayo Mfuko wa Barabara, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1985. Kwa miaka mingi ni asilimia 30 tu ya fedha za mfuko huo zilizokwenda kwenye barabara za halmashauri, na sehemu kubwa ilitunza barabara kuu. Mwaka uleule wa 2017 Serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na mwaka 2021 ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli ili wakala huo upate nguvu. Huo ulikuwa uamuzi wa maana, kwa kuwa mwananchi aliambiwa analipa nini na kwa kazi gani.

Lakini mwananchi wa Unyambwa atajuaje kwamba fedha hizo zimemfikia? Barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Singida hadi Nzega ina lami, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi huipita usiku na mchana. Mkulima haanzii safari yake kwenye lami. Huanzia kwenye njia ya udongo inayokatika masika, wakati viazi vitamu na alizeti vinasubiri kufika sokoni. Zamani aliyelipa stika angeweza kuinyooshea kidole na kuuliza: nimelipa, barabara yangu iko wapi? Leo anaulizia wapi? Karatasi ya kituo cha mafuta haimwambii lolote juu ya kalvati ya kijijini kwake.

Yapo pia ya mbele. Pikipiki, bajaji na magari ya umeme yameanza kuonekana katika miji yetu. Vyombo hivi ni vya heri kwa hewa na kwa mfuko wa mwenyewe, lakini havinywi petroli, kwa hiyo havichangii hata senti moja ya zile shilingi 40. Vikiongezeka, mzigo utabaki kwa wasioweza kununua chombo kipya: mvuvi, mwenye trekta la zamani na dereva wa bodaboda ya petroli.

Katika hilo tujifunze kwa jirani. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, iliyokusudiwa kukusanywa na kampuni za bima wakati mtu anapokata bima. Watu waliipinga, na pendekezo likaondolewa mwezi Juni. Somo tunalolipata ni kwamba kodi ya gari, hata ikiwa na njia nyepesi ya kuilipa, haikubaliki kama mlipaji hakuelezwa kwanza sababu yake.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. La kwanza, Serikali iangalie namna ya kuwapunguzia wavuvi wadogo na wenye mashine za kusaga mzigo huu, kupitia vyama vyao vya ushirika, kwa utaratibu ambao hautafungua mlango kwa walanguzi. La pili, kila kata ibandike mahali pa wazi hesabu ya fedha za barabara zilizopokelewa kwa mwaka na njia zilizotengenezwa kwa fedha hizo. La tatu, mjadala wa vyombo vya umeme uanze sasa, mbele ya wananchi, usisubiri usiku wa kuamkia bajeti.

Hatudai kwamba stika irudi. Hakuna atakayefurahi kuiona, na mzee wa Unyambwa angekuwa wa kwanza kuikataa. Tunachodai ni kwamba ile kazi moja njema iliyokuwa ikifanywa na kibandiko kile, ya kumfanya mlipaji ajue amelipia nini, isiachwe ikafifia pamoja nacho. Wakati wa kumuaga, mzee huyo alitusindikiza hadi kwenye korongo lililokata njia, akatuonyesha kwa fimbo na kusema: "Siku hizi hakuna anayenidai. Na mimi nataka nijue namdai nani." Tunaliacha swali hilo kwa wahusika.