Namba Ubavuni mwa Mashua Si Leseni ya Kubeba Abiria

Katika mialo ya Ziwa Albert, kuanzia Ntoroko hadi Panyimur, askari wetu wa kikosi cha majini huulizwa swali hili kila mara: "Mashua yangu imesajiliwa na namba yake inaonekana, mbona mnanizuia kuondoka?" Swali hilo ni la haki, nasi tunawiwa jibu lililo wazi zaidi kuliko lile linalotolewa kwa haraka ufukweni huku abiria wakilalamika.

Usajili hueleza chombo ni cha nani na hutambulika kwa namba gani. Leseni ni jambo jingine: ni ruhusa ya kutoza nauli na kubeba roho za watu. Mvuvi aliyesajili mtumbwi wake kwa ajili ya samaki hana ruhusa ya kugeuka msafirishaji siku ya gulio. Wapo wanaodhani kwamba masharti haya yanahusu feri kubwa za chuma pekee, mfano wa ile ya serikali inayovusha watu kati ya Wanseko na Panyimur. Sivyo. Hata mashua ya mbao, maadamu inachukua abiria kwa malipo, imo ndani ya Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya sheria za enzi za ukoloni.

Leseni hutolewa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kupitia idara yake ya usafiri wa majini. Sisi polisi hatuitoi wala hatuiuzi. Kazi yetu ni kuhakiki. Kwa hiyo mtu yeyote, awe na sare au hana, anayepokea fedha mwaloni akidai ni "ya leseni", ripotini habari zake kwa mkuu wa kituo.

Kabla ya leseni huja ukaguzi. Mkaguzi hutazama mbao na viungo vyake, injini, jaketi za kujiokolea na umahiri wa nahodha, kisha idadi ya abiria huwekewa kikomo. Kikomo hicho ndicho kinachozozaniwa zaidi, kwa kuwa kila abiria wa ziada ni nauli ya ziada. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo MV Templar kilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hakikuwa na leseni, na kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake.

Tunaomba pia orodha ya abiria isidharauliwe. Mnamo Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi waliokuwa wakirejea Kongo ilizama katika ziwa letu hili la Albert. Upande wa Uganda ziliopolewa maiti zaidi ya 100. Serikali ya Kongo ikatangaza kuwa waliokufa ni 251. Hesabu mbili, za msiba mmoja. Jina likiwa halikuandikwa popote, ndugu wa marehemu hana pa kuanzia kuuliza, nasi hatuna la kumjibu.

Kwa wanaovuka kwenda Kasenyi au Tchomia, leseni ya Uganda haiondoi masharti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala haimwepushi abiria na maafisa wa uhamiaji wa pande zote mbili. Tunafahamu kuwa baadhi ya mashua huondoka usiku, kutoka vichochoro vya matete, ili kukwepa ukaguzi. Chombo kilichoondoka kwa siri kikipatwa na dhoruba, hakuna anayejua kuwa kimechelewa, na hakuna atakayetoka kukitafuta hadi asubuhi.

Wamiliki hulalamika kuwa ofisi zi mbali na safari ya kufuatilia karatasi hugharimu siku za kazi. Malalamiko hayo hatuyabezi. Hata hivyo, mwenye chombo anayeshindwa kusafiri peke yake anaweza kuungana na wenzake wa mwalo mmoja, wakamtuma mjumbe kuulizia taratibu na siku ya ukaguzi.

Nawe abiria, kabla ya kulipa nauli, mwombe nahodha akuoneshe leseni na kikomo chake cha watu. Vaa jaketi mkiwa bado ufukweni, uifunge kamba zake zote, na uhakikishe jina lako limeandikwa pamoja na namba ya simu ya mtu aliyebaki nyumbani.