KUNENEPA AU KUVIMBA? UZITO NA SHINIKIZO LA DAMU MAPAFUNI

Katika makambi yetu, mtu akinenepa husifiwa, naye akikonda huonewa huruma. Jirani yangu mmoja, mke wa askari, alisifiwa hivyo. Gauni lilimbana, wenzake wakampongeza kwamba afya imerudi. Kumbe hata viatu havikumwingia, na ngazi chache tu zilimkata pumzi. Hakuwa amenenepa, alikuwa amejaa maji. Hospitalini alionekana kuwa na shinikizo la damu mapafuni.

Ugonjwa huu ni tofauti na shinikizo lipimwalo mkononi. Mishipa ipelekayo damu mapafuni husinyaa na kukakamaa, na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu hata ukachoka. Ndipo maji hujikusanya miguuni na tumboni. Miongoni mwa visababishi vyake ni kichocho cha muda mrefu, virusi vya UKIMWI, na magonjwa ya moyo na ya mapafu.

Wataalamu wameona jambo la kushangaza: katika chunguzi kadhaa, wagonjwa wenye unene kiasi waliishi muda mrefu kuliko waliokonda. Lakini tusiharakishe kula kupita kiasi. Ugonjwa mkali wenyewe humkondesha mtu, kwa hiyo wembamba huweza kuwa alama ya hatari wala si chanzo chake. Aidha, unene uliozidi huzuia pumzi usingizini, na jambo hilo hupandisha shinikizo mapafuni.

Hali kadhalika, tujihadhari na vidonge vya kukondesha. Nchini Uswisi, dawa ya aminoreksi iliuzwa tangu mwaka 1965, wagonjwa wa shinikizo hilo wakaongezeka sana, hata ikaondolewa mwaka 1968. Fenfluramini, nayo ikitumiwa kukondesha, iliondolewa Marekani mwaka 1997 kwa kudhuru vali za moyo. Nayo pia ilihusishwa na ugonjwa huu.

Basi, jamaa za mgonjwa wafanye nini? Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, kwa mizani ile ile, na hesabu iandikwe daftarini. Kilo 2 zikiongezeka kwa siku chache, hayo si mafuta bali ni maji. Apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Akikonda bila kukusudia, daktari aelezwe vile vile. Chumvi ipunguzwe, na dawa zisiachwe kwa sababu mgonjwa amejisikia nafuu. Mama mwenye ugonjwa huu aonane na daktari kabla ya kufikiria mimba, kwa kuwa mimba humhatarisha sana.

Jirani yangu sasa ana mizani na daftari, na mumewe ndiye mwandishi. Ndugu wasomaji, kabla hatujamsifu mtu kwa kunenepa, tutazame kwanza miguu yake.